Sikiliza, Kisha Urudie

Darasa langu la Kifaransa, Kidato cha Pili, lingeenea lote ndani ya matatu moja ya Nyamasaria bila mtu kuning'inia mlangoni. Na hata hao wachache hawakuja kwa mapenzi. Wengine walikuwa wameikimbia Kilimo kwa sababu ya jembe. Msichana mmoja alitaka kuwa mhudumu wa ndege. Kijana wa nyuma kabisa, baba yake huendesha lori la mizigo kupitia Busia na Uganda mpaka Bunia, na mzee alikuwa amemwagiza ajifunze upesi amsaidie kuzisoma karatasi anazopewa kule njiani atie sahihi. Huyo ndiye pekee aliyekuwa na sababu ya maana ya kuwa pale, na ndiye aliyekuwa akilala.

Mimi nilikuwa TP, mwalimu wa mazoezi, katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya Kisumu ukishika barabara ya Ahero. Mwalimu mwenyewe wa Kifaransa aliponiona nashuka kwenye boda na begi langu, alinikabidhi chaki, daftari la mahudhurio na ufunguo wa kabati, akasema, "Karibu sana, Mwalimu." Baada ya hapo tulikuwa tukionana saa ya chai tu.

Wanafunzi waliniita Musye, yaani *monsieur*, bwana. Kuandika waliweza. Kutamka ndiyo ilikuwa kesi. Ukimwomba mtu aseme sentensi anamtazama jirani, jirani anatazama dirisha, na nje ya dirisha hakuna anayejua Kifaransa. Nami sikuwalaumu. Lugha gani inaandika *oiseau* kwa herufi sita na haisomi hata moja kwa sauti yake? H wanaiandika kila mahali kisha wanakwambia haitamkwi. Siku ya kufundisha namba ndiyo nilikaribia kuwapoteza kabisa. Themanini ni nne-ishirini, *quatre-vingts*. Tisini na tisa ni nne-ishirini-kumi-tisa. Yule wa ndege akainua mkono. "Musye, hiyo si namba. Hiyo ni swali la KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne." Kutoka nyuma, bila kuinua kichwa mezani, mtoto wa dereva akasema, "Baba husema *nonante*." Ni kweli, Kongo walitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji tisini huiita *nonante*, neno moja tu, bila kukokotoa. Darasa likapiga kura hapo hapo likaamua kuwa la Kikongo.

Chuoni nilikuwa nimeandaliwa kwa hali kama hii, au ndivyo nilivyodhani. Mhadhiri wetu wa mbinu za kufundishia lugha, ambaye sote tulimwita Daktari, ana watu wawili anaowataja kama wengine wanavyotaja mitume: Petar Guberina wa Zagreb na Paul Rivenc wa Saint-Cloud, Ufaransa. Hao ndio waliokaa chini miaka ya 1950 wakaunda mtindo wa kufundisha Kifaransa kwa kinasa sauti na picha za ukutani. Sikio kwanza, macho baadaye. Mwanafunzi asikie sentensi nzima pamoja na wimbo wake, airudie, airudie tena, ndipo aonyeshwe maandishi. Halafu kuna zile duara tatu za Mishra na Koehler, za mwaka 2006: somo, mbinu na teknolojia, zinavyopandiana katikati. Nilizichora vizuri sana kwenye mtihani. Hakuna duara lililoandikwa memori kadi.

Nilianza na programu ya simu inayosikiliza matamshi na kutoa maksi. Nikaisogeza mdomoni mwa kila mwanafunzi, na kila mmoja ikamwambia ajaribu tena. Kisha ndege aina ya kwarara wakapita juu ya mabati na zile kelele zao za kila jioni, simu ikawaka kijani: *Très bien !*, vizuri sana! Projekta nayo iliazimwa maabara, ilionyesha kila kitu kwa rangi ya zambarau, basi, ikarudi maabara.

Ikabaki spika.

Spika nzuri haikuwa shuleni. Ilikuwa kwa binamu yangu, sokoni Kibuye. Binamu huuza dawa ya panya, mende na kunguni, na Jumapili, siku soko linapofurika, ile spika yake huisikia kabla hujaziona nyanya. Ni jeusi, limejaa taa zinazowaka rangi zote, na betri yake ilishachoka kitambo kwa hiyo hulichomeka kwenye stima kama lina hamu ya kuishi. Katikati ya wiki hulihitaji kidogo. Akanipa kwa sharti moja.

"Omera, kadi iliyo humo usiiguse. Biashara yangu yote imo ndani ya hiyo kadi."

Sikuigusa. Nawaambia mapema ili mjue.

Nikaunganisha simu yangu kwa Bluetooth, nikatafuta mazungumzo ya mama mmoja anayenunua mkate Ufaransa, nikatangaza sheria ya darasa. Spika ikisema, mnasema. Hakuna kunitazama mimi, hakuna kucheka, hakuna kuuliza maana. Mnasikiliza hadi mwisho wa sentensi, kisha mnarudia vile vile, na wimbo wake. Atakayecheka atafagia.

Guberina alijua anachokifanya. Ndani ya muda mfupi wale watoto walikuwa wakirudia kila kitu, mpaka pumzi ya yule mama kabla ya kusema *s'il vous plaît*, tafadhali. Ile r ya kooni, ambayo nilikuwa nimeihangaikia kwa mifano ya kusukutua maji, ikatoka yenyewe. Kwa kuwa wote walikuwa wanasema pamoja hakuna aliyeona haya. Naibu wa mwalimu mkuu alipita nje akasimama, akarudi nyuma hatua mbili kuchungulia kama tumepata wageni.

Daktari alikuja kunikagua bila kubisha hodi, kama kawaida yao. Nilimwona tayari amekaa dawati la mwisho karibu na mtoto wa dereva, miwani puani, fomu mkononi. Nikampa andalio la somo. Akalisoma, akaona jina la Guberina, akatabasamu. Nikajiambia, Mwalimu, leo ni leo.

"*Bonjour, madame,*" ikasema spika.

"*Bonjour, madame,*" likasema darasa.

"*Je voudrais une baguette, s'il vous plaît.*"

Wakasema: naomba mkate mmoja, tafadhali. Daktari anaandika. Kalamu haisimami. Na ndipo stima ikayumba, ikapotea, na kabla hatujasema "aah" ikarudi.

Wenye spika za aina hii wanajua kinachofuata. Likizimika, linasahau simu yako. Likiwaka, halikuulizi unataka nini. Linatafuta kadi, na likiipata linacheza.

"PANYA!" Sauti ya binamu yangu, kiwango cha Kibuye, ndani ya chumba kimoja. "Panya wa jikoni! Panya wa darini! Amekula unga, amekula viatu, sasa anatafuta cheti chako cha kuzaliwa! Dawa ni hamsini! Hamsini tu! Akila leo, hafiki kesho!"

Ikafuata ile nafasi ndogo ambayo binamu huacha ili avute pumzi.

Na darasa langu, lisilonitazama, lisilocheka, lisilouliza maana, likarudia. Kwa wimbo wake. Kwa r ya kooni na kwa H isiyotamkwa.

"Panya wa jikoni! Panya wa *daghini*! *Amsini! Amsini* tu! Akila leo, *afiki* kesho!"

Nikaruka kwenye spika kupunguza sauti. Sasa, kwenye mashine hizi kitufe cha kupunguza sauti ukikibonyeza na kukishikilia kinapunguza. Ukikigusa haraka, kwa mkono unaotetemeka, kinakupeleka kwenye rekodi nyingine. Ikaja ya Kijaluo: dawa ya panya iko hapa!

"*Yadh oyieyo ni ka!*"

"*Yadh oyieyo ni ka!*" Hapo sasa walikuwa nyumbani, dirisha lilitikisika. Hata wale mapacha kutoka Kakamega walitamka kama waliozaliwa Kondele. Nikabonyeza kitufe cha M. Kikanipeleka kwenye redio, ambako hapakuwa na kituo, ila ule mvumo tu.

"Kshshshshsh," likasema darasa kwa heshima.

Nikabonyeza M tena. "PANYA!"

Naibu alikuwa dirishani. Mpishi alikuwa nyuma ya naibu. Daktari akaweka kalamu chini, akavua miwani, akasimama na kuanza kutembea kuja mbele. Mimi nilikuwa nikihesabu semesta: kama nitarudia TP, nitahitimu lini, na mama nitamwambia nini.

Akafika kwenye spika. Hakuizima. Alisimama pale, mikono nyuma, akasikiliza tangazo hadi mwisho, darasa likalirudia hadi mwisho, ndipo akachomoa waya. Akawageukia wanafunzi.

"*Qu'est-ce qu'il vend ?*" Anauza nini?

Kimya. Huyu si spika, sheria haikusema lolote juu yake. Kisha kutoka nyuma, uso ukiwa na alama ya ubavu wa kitabu, mtoto wa dereva: "*Il vend... le poison.*" Anauza sumu.

"*Pour qui ?*" Ya nani?

"*Pour les rats, madame.*" Ya panya.

"*C'est combien ?*" Ni bei gani?

"*Cinquante shillings !*" Shilingi hamsini. Wote.

"*C'est cher ?*" Ni ghali?

Hapo ndipo moto ulipowaka. Upande wa kushoto ukasema *c'est cher*, ni ghali, upande wa kulia ukasema *ce n'est pas cher*, si ghali. Yule wa ndege akasimama bila kuombwa. "*À Nyalenda, c'est quarante !*" Nyalenda ni arobaini! Mapacha wakamwambia ya Nyalenda *ne marche pas*, haifanyi kazi, walijaribu, panya alishiba akalala. Mmoja akauliza, kwa Kifaransa cha kuunga kwa gundi, kama paka si rahisi zaidi. Mtu akataka kujua bei ya paka. Nilikuwa nimesimama ubaoni na chaki, sina kazi. Mkate wa Paris hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuununua. Panya kila mmoja anaye.

Kengele ikalia na bado wanabishana. Walitoka nje wakibishana.

Baadaye tulikaa chini ya mwarobaini, Daktari akajaza fomu huku mimi nikiyatazama majani. Akanieleza kwa ile sauti yake ya darasani kwamba walimu wa Kifaransa wana jina la kitu nilichokitumia: *document authentique*. Ni maandishi au sauti ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya wanafunzi bali kwa watu wenye shida zao, kama tiketi ya gari moshi, orodha ya vyakula, tangazo la biashara. Kwa kawaida huwa tayari kwa Kifaransa, akasema, lakini mwalimu anayeanza na sauti ambayo mtoto anaijua mtaani, kisha akaivusha kuipeleka kwenye lugha mpya, huyo amefikiria.

"Ulilitoa wapi?"

"Kibuye, Daktari."

"Na lile la stima kupotea na kurudi, ili wahamaki, ulipanga?"

Nikafungua mdomo.

"Usijibu," akasema, akaandika.

Ushiriki wa wanafunzi: bora sana. Nyenzo: halisi, zimeteuliwa kwa ubunifu. Matamshi: r nzuri, H imezimwa hata isipohitajika. Matumizi ya muda ndipo aliponikata maksi bila huruma, na pembeni akaeleza sababu: "Mkate haukununuliwa."

Gari lake lilipotoka getini naibu akaja kwa hatua za taratibu, akaangalia kulia na kushoto, akaniambia stoo ya maharagwe ina hali mbaya sana, Mwalimu, na je, ile ya hamsini ni ya kweli au ni ya somo? Nikampa namba ya binamu. Binamu akauza katoni nzima siku hiyo, na jioni nilipomrudishia spika alinidai fedha za kutumia sauti yake kwa shughuli za elimu. Tulielewana kwa soda.

Wiki iliyofuata simu ikalia. Mwenzangu mmoja wa chuo, yuko TP upande wa Bondo, anakaguliwa kesho yake na amechanganyikiwa. Daktari alikuwa amepita kwao akasimulia wenzake juu ya kijana wa Kisumu na mbinu yake.

"Omera, nisaidie. Nitumie ile sauti ya panya."

Nikamtumia. Sijui ataifanyia nini. Anafundisha Fizikia.