Chipu ya mbwa Nakuru: inamsaidia nani hasa?

Kila mbwa anapopotea Milimani, Naka au Kiamunyi, picha yake huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, na hakosekani mtu wa kuandika: "Mngemwekea chipu." Ushauri si mbaya, ila wengi wanaoutoa hudhani chipu humwonyesha mbwa kwenye ramani popote alipo. Sivyo. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, hupigwa kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega. Hakina betri wala hakitumi ujumbe wowote. Mpaka mtu apitishe kifaa cha kuisomea karibu kabisa na ngozi, ndipo chipu hutoa namba ya tarakimu 15. Jina lako na simu yako havimo humo. Vimo kwenye rejista, kama uliandikishwa.

Kwenye nchi zilizojipanga, kinafanya kazi kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha mwaka 2009 takwimu kutoka vituo 53 vinavyopokea wanyama waliopotea: zaidi ya nusu ya mbwa wenye chipu walirudi kwao, ilhali kwa mbwa wote waliookotwa ni karibu 22 tu kwa kila 100. Lakini utafiti huohuo ulionyesha sababu iliyojitokeza zaidi pale mwenye mnyama aliposhindwa kupatikana: namba za simu zilizoandikwa zilikuwa na makosa au hazipatikani tena. Fikiria sisi tunavyobadilisha laini.

Sasa mrudishe mbwa huyo Nakuru. Ametoroka fataki za usiku wa mwaka mpya, ameokotwa Kaptembwa na kijana wa boda. Kijana atatazama shingo. Akiona kola yenye kibati cha namba ya simu, atapiga, pengine akitarajia chochote kitu. Asipoona kitu, hatampeleka kwa daktari wa mifugo kusomewa chipu asiyojua kama ipo. Kwa mbwa aliyepotea tu, kola inaishinda chipu hapa kwetu, tena kwa bei ndogo. Hata mtu anayetega sumu kwa mbwa wanaozurura anaweza kusita akiona kola. Chipu haionekani.

Wizi ni jambo jingine. Mwizi huanza kwa kuvua kola. Mkikutana baadaye mbele ya polisi, kila mmoja akidai yule jemani shepadi ni wake, picha za simu huzua ubishi tu. Namba iliyo chini ya ngozi, yenye karatasi ya kliniki inayoonyesha tarehe, ni ngumu kuipinga. Anayefuga mbwa wa bei ghali sioni sababu ya kusitasita.

Lakini faida ninayoiona kubwa zaidi haihusu mbwa aliyepotea. Inahusu mtoto aliyeumwa. Mbwa akishang'ata mtu mtaani, ghafla hana mwenyewe. Jana alikuwa anaitwa Simba na kulishwa nyuma ya nyumba, leo "ni wa kupitapita tu." Familia ya mtoto hubaki ikihangaikia gharama za sindano bila kujua kama mbwa alichanjwa, na bila mtu wa kumfungia siku 10 aangaliwe kama ana kichaa. Chipu iliyounganishwa na rekodi ya chanjo ingejibu maswali hayo, ilimradi mbwa amekamatwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu kutokana na kichaa cha mbwa, na ili kufika huko inabidi mbwa wapatao asilimia 70 wachanjwe. Kuwahesabu ni rahisi zaidi wakiwa na namba.

Hapo ndipo upinzani dhidi ya kulazimisha chipu unapopata nguvu, na hauna ujinga ndani yake. Uingereza ililazimisha chipu kwa mbwa mwaka 2016, na asiyetii anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Jaribu hilo Bondeni, ambako mbwa mmoja hulinda ploti nzima na hakuna anayejiita mwenyewe. Mtu akijua namba hiyo itamletea ada ya kaunti au kesi ya kung'ata, atamficha mbwa, na siku ya chanjo ya bure hatamleta pia. Tutakuwa tumepoteza kinga kwa kutafuta rekodi. Kulazimisha leo, kwa maoni yangu, ni kosa.

Kaunti ingeanza na vifaa vya kusomea, viwekwe ofisi ya mifugo na kwenye kliniki, na daftari moja la pamoja linalolindwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Chipu ziwe za hiari, zipigwe siku ileile ya chanjo. Anayetaka kuanza mwenyewe, kabla ya sindano amuulize daktari: namba hii inaandikwa wapi? Nikibadilisha laini, nani anarekebisha? Kliniki ikifungwa, daftari linabaki na nani? Daktari akibabaika, anza na kola.