Siku Juma alipoingia kila mahJuma

Kitabu cha waandishi wengi usikione hivi hivi. Chetu kilikuwa cha hadithi za wanafunzi, kila sura na mwenyewe, na mimi ndo nilikuwa mratibu, yaani siandiki, sihariri, nasogeza tu. Sura inatoka kwa mwandishi inaenda kwa mhakiki, inarudi kwa mwandishi ikiwa imejaa maoni pembeni, anarekebisha, inaenda kwa mhariri wa lugha, afu prufu, yaani kusomwa mara ya mwisho kutafuta makosa madogo, na juu kabisa ya kila sura nimeweka mstari wa HALI: RASIMU, baadaye HALI: IMEHAKIKIWA, mpaka ile siku unaandika HALI: IMEKUBALIWA na unapumua. Ukimwelezea mtu anaona kazi rahisi kweli. Mwambie aje asogeze.

Sura zote zilikaa kwenye faili moja la mtandaoni, wote tunaingia humo humo, maana mhariri wetu wa lugha, dada mmoja mkali anayefanya kazi usiku tu, alisema kufungua faili moja moja kunamvuruga. Sikupenda lakini nani abishane na mhariri.

Mhakiki alikuwa profesa mstaafu. Yeye habari za kujisajili hataki, anaingia kwa linki, na hizi programu ukiingia bila kujitambulisha zinakubatiza jina la mnyama, kwa hiyo kila akifungua, kule juu kinatokea kiduara kimeandikwa Kapibara. Siku ya kwanza mwandishi wa sura ya 7, mtu mzima, tunamwita Mzee tu, kanipigia simu anahema. "Mwanangu, kuna mnyama kaingia kwenye sura yangu na anatembea." Nikamwambia, shikamoo Mzee, huyo ni Profesa. "Marahaba. Profesa yupi tena, hapa pameandikwa mnyama." Ikabidi nimweleze taratibu, akakubali, ila tangu siku hiyo kwenye grupu la WhatsApp anauliza "Kapibara amesemaje?" na Profesa yumo humo humo anasoma.

Sasa balaa lenyewe. Profesa akaandika maoni kwenye sura ya 7: "Ali wa sura ya 3 ni mtoto mwema, anamsaidia bibi kuvuka mto. Huku anaiba punda. Nini kimempata?" Hamna kilichompata, ni waandishi wawili hawakuulizana majina. Tukakubaliana mwizi wa punda abadilishwe jina aitwe Juma. Mzee akasema hilo dogo, niachieni. Na kweli angebadilisha kwa mkono, kidole kimoja kimoja kama anavyoandika siku zote, tungefika salama. Lakini mjukuu wake akapita, akamwonyesha ile kitu ya tafuta na badilisha. Tafuta: Ali. Badilisha kwa: Juma. Zote. Mjukuu akaondoka zake kucheza.

Kama unaongea Kiswahili umeshaanza kushika kichwa. Kompyuta haijui Ali ni mtu. Inajua herufi tatu, kubwa kwa ndogo kwake ni sawa, na hadithi ya Kiswahili bila "alikuja", "alisema", "alikimbia" ni hadithi gani hiyo? Na alikuwa kwenye faili kuu, sio sura ya 7 peke yake.

Ila tulikuwa na kinga. Faili lilikuwa kwenye hali ya mapendekezo, yaani ukibadilisha kitu hakibadiliki papo hapo, kinakaa na mstari katikati na jipya pembeni mpaka mtu akubali. Simu yangu ikaanza kutetemeka mezani, taarifa juu ya taarifa, "amependekeza badiliko", "amependekeza badiliko", ikatembea yenyewe mpaka ukingoni ikaanguka. Nikajua Mzee leo ana ari, nikaizima nikalala.

Usiku dada mhariri akaingia, akakuta pembeni pamejaa vibandiko kutoka juu mpaka chini. Akaangalia vya mwanzo, Ali kawa Juma, eh si ndo tulivyokubaliana, akabonyeza kubali zote akaendelea na kazi yake ya kupanga nukta na mkato kwenye sura ya 2. Baadaye namuuliza hukuona maneno yamekuwa ya ajabu? Akanijibu, "We, kale kakompyuta kanapiga mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili tangu nikanunue, nitajuaje leo ndo kanasema ukweli?" Na hapo sikuwa na la kujibu.

Asubuhi nafungua faili. Mstari wa kwanza kabisa, ule wangu mwenyewe wa kujivunia: HJuma: IMEKUBJumaWA.

Nikashuka. "Jumaamka mapema, Jumavaa viatu, mwJumamu akamuuliza swJuma." Sura ya 3, yule mtoto mwema: "Bibi Jumamshukuru, akamwambia nyumbani si mbJuma." Serikali imekuwa serikJuma. Kuna sehemu simba amenguruma kwa sauti kJuma. Huyu Juma alikuwa mwizi wa punda, sasa ameiba mpaka kitabu.

Nikaandika kwenye grupu kwa adabu zote kwamba jamani kuna hitilafu, mtu yeyote asiguse faili. Kosa la watu kama sisi ni kudhani ukisema asiguse, hagusi. Mzee aliona ujumbe, roho ikamuuma, akaamua arekebishe kabla sijamfikia. Na kwa akili ya kawaida yuko sahihi kabisa, kama Ali kuwa Juma ndo kumeharibu, si urudishe? Tafuta: Juma. Badilisha kwa: ali. Zote. Safari hii kazima na hali ya mapendekezo maana aliona inachelewesha.

Maneno mengi yalirudi, nisiwe mchoyo wa sifa. Mwalimu akarudi kuwa mwalimu, simba akapata sauti yake. Mwizi wa punda naye akarudi kuwa ali, kwa herufi ndogo. Lakini sura ya 5 ni ya mtoto anayejifunza siku za wiki. Sura nzima. Nikakuta mtoto wa watu amesimama mbele ya darasa anataja: alimosi, alipili, alitatu, alinne, alitano, Alhamisi, Ialia. Alhamisi peke yake ndo ilipona. Nilikaa naitazama hiyo Ialia muda mrefu kidogo.

Basi nikaingia kwenye historia ya matoleo, kitu kizuri sana hicho, faili linakumbuka lilivyokuwa kila lilipoguswa na nani kaligusa. Tatizo ukilirudisha lote nyuma, unarudisha na kazi ya kila mtu aliyeandika baada ya hapo, na dada alikuwa amekesha kwenye sura ya 2. Nikaamua nifungue toleo la zamani, ninakili sura moja moja, nibandike, ya dada nisiiguse. Niko sura ya 4, ghafla maandishi yote yakabadilika mbele ya macho yangu, vuup. Mwandishi wa sura ya 3, kijana mpole, hajawahi kusema neno kwenye grupu, kaona kitufe cha rejesha toleo hili akarejesha. Sekunde chache ikaja sauti ya dada kwenye grupu, sitaandika alichosema. Naye akarejesha la kwake. Kijana akadhani mtandao umesumbua, akarejesha tena. Kitabu kikawa kinaenda mbele kinarudi nyuma, na Kapibara kule juu ametulia tu, anaangalia.

Katikati ya vita jamaa mmoja fundi wa programu akashauri tuhamie Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ile aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kernel, yaani kiini, ya mfumo wa kompyuta wa Linux, kule kila mtu anakuwa na tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi, na mkigongana kwenye mstari mmoja inasimama inawaambia mchague wenyewe. Kwa haki kabisa ni ushauri mzuri. Mzee akauliza, "Huyo Linus tutampa sura ya ngapi?" Mada ikafia hapo.

Mwishowe niliwafungia wote ruhusa ya kuhariri, wakabaki watazamaji, nikabandika sura moja moja mpaka kikakaa sawa. Mwizi nikambadilisha kwa mkono, jina jina. Nikaandika HALI: IMEHAKIKIWA, nikamwomba Profesa apitie mara ya mwisho.

Kumbe Profesa hasomi kwenye skrini. Yule Kapibara aliyetulia alikuwa anapakua PDF, na aliipakua ule ule wakati kijana karejesha toleo la Juma. Maoni yake yakaja kwa barua pepe, marefu, yamepangwa. "Sura ya 7: 'Jumatoka mbio, Jumaanguka, Jumalia.' Mwandishi ameunganisha mtenda na tendo lake, hawatenganishwi tena. Ni ujasiri ambao sikuutegemea kwenye kitabu cha wanafunzi. Ningeomba tu asiufanye kwenye maswali ya ufahamu." Nikamtumia toleo sahihi na maelezo kwa heshima zote. Akalisoma. Akajibu mstari mmoja: "Hii imepoa. Nani ameiharibu?"

Barua yenyewe kaituma kwa wote. Kabla sijafikiria cha kujibu simu ikaita, Mzee, sauti imejaa matumaini. "Mwanangu, huyo Kapibara kumbe ana akili. Sasa si tumrudishe tu Juma wetu? Mjukuu yupo hapa."