Kadi Haikosei

Kipindi cha maswali kikianza, mbele ya televisheni kila mtu ni profesa. Sijapata kuona mtu aliyejilaza kwenye kochi akashindwa swali; akilikosa atasema "hilohilo ndilo nililotaka kusema", na hakuna wa kumpinga kwa sababu wenzake wote nao walitaka kusema hilohilo. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo hicho. Mtangazaji hajamaliza kusoma, nimeshajibu. Mshiriki akikosea, namfokea kupitia kioo mpaka watoto wanahamia chumbani. Mwishowe mama watoto akachoka. Akanijazia fomu ya kushiriki bila kunishauri, akaituma, na nilipomuuliza kulikoni akasema, "Nenda ukawapigie kelele wenyewe huko, baba watoto. Na sisi tupumzike."

Nikaitwa kwenye usaili. Kumbe hawatafuti wanaojua! Wanaojua ni wengi, wamejaa kwenye makochi. Wanatafuta wachangamfu. Binti mmoja mwenye karatasi mkononi akaniambia, "Mzee, tusimulie kituko chochote kilichowahi kukupata, halafu ucheke." Nimekwenda na miji mikuu ya dunia nzima kichwani, naambiwa nicheke. Nikacheka. Nikapita.

Kazi ikawa kujiandaa, na hapo ndipo nilipong'amua kuwa elimu yangu imekwisha muda wake na hakuna aliyenipa taarifa. Shuleni nilichapwa kwa ajili ya sayari tisa, nikazishika. Mwaka 2006 wakakaa wanaastronomia wakaivua Pluto usayari, zikabaki nane. Zile fimbo za sayari ya tisa nani ananirudishia? Nilifundishwa kwamba nchi kubwa kuliko zote Afrika ni Sudan. Mwaka 2011 Sudan Kusini ikajitenga, ukubwa ukahamia Algeria. Swaziland nimeizoea, mwaka 2018 ikawa Eswatini. Mlima Everest niliukariri mita 8,848, nikajua angalau mlima utatulia; Desemba 2020 Nepal na China wakatangaza kwamba ni 8,848.86. Sentimita themanini na sita! Hizo nazo mtu mzima anaanza kuzikariri saa ngapi?

Na Kazakhstan ndiyo iliyonimaliza. Mji mkuu ulikuwa Astana. Mwaka 2019 wakaubadilisha jina ukawa Nur-Sultan. Nikakaa nikaikariri Nur-Sultan, nikaizoea, nikaanza hata kuipenda. Mwaka 2022 wakarudisha Astana. Aliyelala usingizi miaka hiyo mitatu yote akaamka, hakupoteza kitu. Mimi niliyekuwa macho nikisoma ndiye niliyepata hasara.

Nikahamia mbinguni, nikidhani huko mambo yametulia. Sayari nikazisoma moja baada ya nyingine: mwaka wake siku ngapi, inajizungusha kwa muda gani, ina miezi mingapi inayoizunguka. Zohali pekee, Machi 2025, iliongezewa miezi 128 kwa mpigo mmoja ikafikisha 274. Nilifunga kitabu nikalala.

Siku ya kurekodi waliniambia nibebe nguo za kubadilisha, kwa kuwa huwa wanarekodi vipindi kadhaa siku moja, na mshindi akirudi lazima aonekane amekuja kesho yake. Nikavaa shati jipya la mistari myembamba. Wakanivua. Mistari myembamba, wanasema, ikifika kwenye kamera inachezacheza. Nikavalishwa shati la mfanyakazi wao, limenibana shingoni mpaka sauti ikatoka nyembamba. Nikapakwa poda usoni. Waya wa kipaza sauti ukapitishwa ndani ya shati na kijana ambaye hata jina langu hakuniuliza. Mwanamama mfupi wa upande wa kushoto akawekewa kasha la mbao akasimama juu yake ili sote tulingane vimo. Hadhira nayo ilikuwa na mwalimu wake wa kupiga makofi: akipunga mkono, watu wanashangilia, akikunja ngumi, kimya. Nilipotajwa jina nikashangiliwa mno, moyo ukajaa. Baadaye nikakumbuka ngumi.

Tukiwa tunasubiri, jamaa mmoja akaninong'oneza, "Haya mambo yamepangwa, mzee. Majibu watu wanapewa." Nikamwambia hilo si geni. Marekani miaka ya 1950 kipindi cha maswali cha Twenty-One kilifanya hivyohivyo. Bingwa wao Herbert Stempel aliamriwa akosee makusudi swali la filamu iliyopata tuzo, filamu ambayo mwenyewe aliipenda, ili ampishe Charles Van Doren mwenye sura ya kuvutia kwenye kamera. Kashfa ilipolipuka, bunge lao likatunga sheria mwaka 1960 kupiga marufuku mchezo huo. Jamaa akatikisa kichwa akasema, "Unaona!" Naona nini? Kama wanapanga, mbona mimi sikupangiwa?

Raundi ya kwanza ni ya vitufe. Nyumbani hakuna kitufe, kuna mdomo, na mdomo wangu haujawahi kuchelewa. Pale unashika kidude, dole gumba juu, na hairuhusiwi kubonyeza mpaka mtangazaji afike mwisho wa swali. Ukiwahi, kidude kinajifunga kwa robo ya sekunde, na ndani ya hiyo robo mwenzako ameshachukua. Ukichelewa, ameshachukua vilevile. Dole lilikuwa linatoa jasho, kidude kinateleza, na mtangazaji ana tabia ya kupumzika katikati ya sentensi. "Mji mkuu wa Australia..." Sote tumebonyeza. Sote tumefungiwa. "...ambao haukuwa Sydney wala Melbourne, kwa sababu miji hiyo miwili iligombania heshima hiyo, uliitwaje ulipopewa jina mwaka 1913?" Yule mwanamama wa kwenye kasha alikuwa ametulia tu. Kidole chake kikashuka taratibu. Canberra.

Ndiyo maana namheshimu Ken Jennings, aliyeshinda michezo 74 mfululizo kwenye Jeopardy!, kipindi cha maswali cha Marekani, mwaka 2004. Watu wanasifu kichwa chake, mimi nasifu dole gumba. Na naelewa kwa nini mwaka 2011 alipigwa na Watson, kompyuta ya IBM: chuma hakitoi jasho. Halafu chuma hichohicho kikaulizwa swali lenye kichwa "miji ya Marekani", jibu likiwa Chicago, kikajibu Toronto. Toronto, Kanada! Tena kilikuwa kimeweka dau dogo, dola 947, kikaendelea kuongoza na hatimaye kikashinda. Dunia ikacheka kidogo ikasahau. Sasa mimi nitaje Toronto mbele ya wakwe zangu, nione kama nitasahauliwa.

Nilipitaje raundi ile? Wenzangu walifungiwa kuliko mimi. Haya, nikakalishwa kitini.

Ujue swali la kwanza kitini ndilo baya kuliko yote. Gumu ukilikosa, watu wanakupa pole. Jepesi ukilikosa, usirudi nyumbani. "Buibui ana miguu mingapi?" Sasa mtu mzima unakaa chini ya taa zote zile, unaulizwa miguu ya buibui, akili inakuambia haiwezekani, kuna mtego. Nikawaza labda kuna buibui wa aina yake. Nikawaza labda zile mbili za mbele haziitwi miguu. Mtangazaji ananitazama, muziki unadunda, hadhira imekunjiwa ngumi. Nikasema minane. Ilikuwa minane. Mpaka leo nyumbani hawataji kwamba nilipatia. Wanataja muda nilioutumia. Mtoto wa mwisho akiona buibui ukutani ananiita, "Baba, njoo uhesabu."

Nikapanda, nikapanda, mpaka likaja swali lenyewe. "Sayari gani siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake?" Machaguo: Zuhura, Mshtarii, Zohali, Utaridi. Moyo ukaruka, maana mbinguni nilishakwenda nikarudi. Nikaomba hamsini kwa hamsini, kwa raha tu. Mashine ikafuta Mshtarii na Zohali. Zikabaki Zuhura na Utaridi, na hapo ndipo raha ilipokwisha.

Nisikilize vizuri, maana nina haki yangu. Zuhura inajizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na inalizunguka Jua kwa siku 225. Kwa hesabu hiyo siku yake imeuzidi mwaka wake, sawa. Lakini ukisimama juu ya Zuhura, kutoka macheo hadi macheo ni kama siku 117 tu, kwa sababu inajizungusha kinyumenyume. Sasa njoo Utaridi. Mwaka wake siku 88. Kutoka macheo hadi macheo, siku 176. Yaani jua likichomoza leo, lichomoze tena, umri umeongezeka miaka miwili ya huko! Mimi siku ninayoijua ni hiyo ya macheo. Sijawahi kuamka asubuhi nikahesabu Dunia imejizungusha kiasi gani ikilinganishwa na nyota.

Nikamuuliza mtangazaji, "Samahani ndugu, siku ipi? Ya kujizungusha au ya macheo?" Akatabasamu. "Siwezi kukusaidia." Wewe ndiye uliyeuliza!

Nikampigia shemeji. Nilishamsimulia habari za yule John Carpenter wa Marekani, ambaye Novemba 1999, kwenye swali la mwisho la dola milioni moja, alimpigia baba yake si kwa kuomba msaada bali kumjulisha tu kwamba anashinda. Nikamwambia shemeji ajiandae kwa mambo makubwa. Sekunde ni thelathini. Simu ikapokelewa.

"Haloo! Shemeji! Hujambo?"

"Sijambo shemeji, sikiliza, sayari..."

"Na dada hajambo? Nawaona? Mbona siwaoni kwenye runinga?"

"Inarekodiwa shemeji! Kati ya Zuhura na Utaridi..."

"Zuhura yupi? Wa pale jirani?"

"Sayari!"

"Aa. Huyo mtangazaji yuko hapo? Nipe nimsalimie."

Akamsalimia. Kengele ikalia.

Nikasema Utaridi. Nikaulizwa kama ndilo jibu langu la mwisho. Ndiyo, ni la mwisho. Kadi ikasema Zuhura. Nikaanza kueleza macheo, taa zikabadilika rangi, ngumi ikafunguka, hadhira ikanipigia makofi ya pole, na kijana wa waya akaja kunichomolea kipaza sauti kifuani nikiwa bado naongea.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka 1999 Uingereza, kwenye Who Wants to Be a Millionaire?, mshiriki aliulizwa ni mipigo mingapi kwa uchache mchezaji wa tenisi anaweza kushindia seti. Akajibu 24, kadi ikasema sawa, akaendelea akajinyakulia pauni 125,000. Jibu lilikuwa 12, kwa kuwa mpinzani anaweza kukosea kila mara anapoanzisha yeye mpira. Wakagundua baadaye, wakamwachia fedha zake. Yule kadi ilikosea pamoja naye, akalipwa. Mimi nina macheo ya Utaridi upande wangu, nikapewa fulana yenye nembo ya kipindi. Nayo inanibana shingoni.

Nimewaandikia barua. Kurasa nne, na mchoro wa Jua nimeupaka rangi. Wakajibu mstari mmoja: uamuzi wa waamuzi ni wa mwisho. Tena wamenikataza kusimulia matokeo kabla kipindi hakijaonyeshwa, kwa hiyo wiki kadhaa nilitembea na donge kooni, watu wananiuliza, nami natabasamu vile nilivyofundishwa kwenye usaili.

Kilipoonyeshwa tukakaa wote sebuleni. Likaja swali la sayari. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuniambia kama anajua kitu chochote kuhusu anga, akasema kabla ya machaguo kutokea: "Zuhura." Nyumba nzima ikageuka kunitazama. Nikaanza kueleza habari za macheo, wakaniambia ninyamaze, wanataka kusikia simu ya shemeji.

Ile simu wakairudia na kuirudia. Shemeji sasa anasimamishwa njiani na watu wasiomjua, wanamuuliza Zuhura yupi. Ameanza kujiita mshiriki. Na jana amekuja nyumbani kudai mgao wake kwenye zile hela chache nilizotoka nazo, kwamba sekunde thelathini zake zilitumika hewani na yeye alikatisha shughuli. Nikamwambia uamuzi wangu ni wa mwisho. Akasema ataandika barua.