Nebraska: kaseti iliyogoma kuingia studio

Ngoma haziingii. Shabiki aliyemzoea Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, wa saksafoni na kelele za bendi yake, E Street Band, akiwekewa Nebraska, albamu ya mwaka 1982, atazisubiri mpaka wimbo wa kumi uishe. Hapo ndipo lawama huanza: hii ni demo tu, rekodi ya majaribio, huzuni ileile mwanzo hadi mwisho.

Lawama hizo si za bure. Nyimbo hizi alizirekodi nyumbani alikopanga, Colts Neck, New Jersey, nyingi katika siku moja ya Januari, kwa mashine ya kaseti ya treki nne na maikrofoni mbili. Zilikuwa za kuwaelekeza wanabendi tu. Kaseti yenyewe aliibeba mfukoni bila kasha, na mafundi walitoka jasho kuihamishia kwenye santuri. Sisi tuliowahi kurudisha mkanda kwa kalamu ya biki tunaujua ule mvumo wa chini kwa chini. Kuulipia bei ya albamu kamili, mtu ana haki ya kunung'unika.

Halafu maneno yanajirudia. Mwanamume wa wimbo Atlantic City ana madeni ambayo mtu mwaminifu hawezi kuyalipa; Ralph wa wimbo Johnny 99 anamweleza hakimu hivyohivyo, karibu neno kwa neno. Mkosoaji anaona uvivu: studio ingefuta mstari mmoja. Hapo ndipo mimi naye tunaachana. Ralph amekosa kazi baada ya kiwanda cha magari cha Mahwah kufungwa (Ford walikifunga kweli, 1980), benki inaidai nyumba yake, analewa na kumpiga risasi karani wa usiku. Yule wa Atlantic City, akiba imeisha, anakubali kumfanyia mtu "kijikazi" ambacho hakitajwi. Hawajuani, kila mmoja yuko kwenye wimbo wake, lakini deni limewapa kauli moja. Mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira Marekani ulifika asilimia 10.8. Ungemfuta nani kati ya hao wawili?

Nyimbo hizi zilijaribiwa na bendi studio, tena ya wapigaji hodari, na nakubali kwamba Johnny 99 jukwaani huwainua watu vitini. Ila wanacheza wimbo wa mtu anayemwomba hakimu amhukumu kifo. Na tazama yaliyoukuta wimbo Born in the U.S.A., uliotokana na kaseti zilezile za Colts Neck. Ulipotoka 1984 na ngoma zake nzito, askari anayeimbwa humo, aliyerudi kutoka Vietnam akakosa kazi, alimezwa na kiitikio, wengi wakausikia kama wimbo wa kusifu bendera, na Rais Reagan akiwa kwenye kampeni New Jersey akamtaja Springsteen kwa sifa. Nebraska haikumpa mwanasiasa yeyote pa kushangilia.

Anayeona nyimbo zote zinafanana aanze na Highway Patrolman. Joe Roberts ni polisi, na usiku huo anayemfukuza ni ndugu yake Franky, aliyemjeruhi mtu baa. Karibu na mpaka wa Canada Joe anaegesha gari kando ya barabara na kutazama taa za nyuma za Franky zikipotea. Studio yoyote ingeweka kinanda hapo. Hapa gitaa linaendelea kwa mwendo uleule, na nyuma yake kaseti inavuma.