Simu inakiona kiti, haikishiki

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Januari hapa St. Paul, Minnesota, kwenye baridi ile ya kugandisha kope. Nesi alitusindikiza hadi kwenye gari, akachungulia kiti cha mtoto nilichokuwa nimekifunga mwenyewe usiku uliopita, na neno lake la kwanza halikuwa pongezi. Alisema: mvueni hilo koti. Koti nene hubonyea gari linapogonga, na mkanda uliodhani umebana unabaki unaelea. Mtoto afungwe na nguo nyepesi, blanketi lije juu ya mkanda. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Morogoro kumwona mjukuu, alinitazama kama mtu aliyeuza mwanawe.

"Mtoto anapakatwa," alisema njiani. "Nyie mnamfunga kama gunia la mkaa."

Sikumcheka. Nami nimekua nikipakatwa. Kwenye daladala ya Mbagala mtoto wa kupakatwa halipi nauli, na konda atakuambia mwenyewe, "Mama, mpakate huyo, watu wakae." Kwenye bodaboda mtoto anabanwa katikati ya baba na mama, mshikaki kamili, na hakuna anayeshtuka. Kupakata kwetu ni mapenzi. Tatizo ni hesabu. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa likagonga ukuta, mtoto wa kilo 10 anavuta mikononi mwako kama mzigo wa kilo 200 na zaidi. Hakuna mama mwenye mikono hiyo, hata yule wa kutwanga kisamvu kila siku.

Huku wamelimaliza hilo kwa sheria. Kila jimbo la Marekani lina yake, na Minnesota iliongeza makali Agosti 2024: mtoto chini ya miaka 2 akae ameelekea nyuma ya gari, na chini ya miaka 13 akae kiti cha nyuma inapowezekana. Lakini sheria haifungi kiti. NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, wanasema viti 46 kati ya 100 vinatumiwa vibaya. Hao ndio wenye kiti, wenye kitabu cha maelekezo, wenye barabara zisizo na mashimo. Nilifarijika kidogo niliposoma hivyo, nakiri.

Mtoto wa pili alipokuja, rafiki yangu wa kazini akanionyesha programu ya simu. Unaelekeza kamera kwenye kiti, na juu ya picha simu inachora mistari: pembe ya kulala, mkanda upite wapi, kifungio cha kifuani kiwe usawa wa kwapa. Wenyewe wanaita uhalisia ulioongezwa. Waliokimbizana na vikatuni vya Pokémon Go mwaka 2016 wanaujua, na wale ambao duka la samani limewaonyesha kochi litakavyokaa sebuleni kabla hawajalipa. Nilizunguka kiti changu na simu kama mganga anayezungusha chetezo. Pembe, kijani. Mkanda, kijani. Nikalala nimeridhika.

Wiki ile nilikuwa na miadi kituo cha zimamoto. Vituo vingine huku, si vyote, vina watu waliosomea kukagua viti vya watoto, na hawakutozi hata senti. Huyo wangu hakuangalia simu yangu kabisa. Alikishika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa kushoto na kulia kwa mkono mmoja. Kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Kipimo chao ni inchi moja, kama sentimita mbili na nusu. Kikisogea zaidi ya hapo hakijafungwa. Changu kilisogea upana wa kiganja.

Akakifungua chote, akarudi nyuma, akaniambia: sasa funga wewe. Nilidhani angenifungia. Alikataa katakata, kwa sababu, alisema, kesho ukikihamishia gari lingine mimi sitakuwepo. Nikaegemea kiti kwa uzito wangu, nikavuta mkanda hadi vidole vikauma. Kisha akanionyesha kufinya ule mkanda wa begani kwa vidole viwili, pale kwenye mtulinga. Ukiweza kuushika mkunjo, umelegea.

Hapo ndipo nilipoachana na ushabiki wa simu, ingawa sikuifuta programu. Pembe inaipima vizuri kuliko jicho langu. Ni pimamaji ya fundi uashi iliyoingizwa kwenye kamera. Lakini mkanda uliolegea na mkanda uliokaza, kwenye picha, ni mapacha.

Mwaka jana nikaenda likizo Dar, nikambebea dada yangu kiti. Mpwa wangu ana miaka miwili na nusu, na dada ana kigari kidogo cha Kijapani, kile ambacho nusu ya Tegeta inacho. Kwa muda wote niliokuwa pale tulikuwa kwenye shughuli za watu, kiti kikakaa stoo. Nilipokwisha rudi ndipo akanipigia kwa video: "Mdogo wangu, hiki kidude kinafungwaje?"

Nikamwambia kwa kujiamini aipakue ile programu. Ikamaliza bando lake, ikafunguka, ikamwambia apapase kwenye mpasuko kati ya mgongo na makalio ya kiti cha gari atafute vyuma viwili. Akapapasa. Akatoa sarafu ya shilingi mia na punje za karanga. Vyuma hamna. Basi ikamwambia atumie mkanda wa gari: uvute wote mpaka mwisho, uachie taratibu, utasikia unajifunga. Akavuta, akaachia, mkanda ukarudi kimya kama kamba ya kisima. Programu ikaendelea kumwonyesha mshale wa kijani, hatua inayofuata tafadhali.

Ilinichukua nusu saa kuelewa. Magari ya Marekani tangu ya mwaka 1996 yanatakiwa mikanda ya abiria iweze kufungwa isilegee, ili ishike kiti cha mtoto. Gari la dada halikutengenezwa kwa soko hilo. Mkanda wake unashika pale tu gari linapofunga breki ghafla au ukivutwa kwa nguvu. Siku nyingine zote unalegea. Dawa yake ilikuwa imebandikwa nyuma ya kile kiti miaka yote, na mimi sikuwahi kuigusa: kipande cha chuma chenye umbo la herufi H, kinachobana tabaka mbili za mkanda pamoja, karibu kabisa na kifungio. Nilimwelekeza kwa kelele, yeye kainama kiti cha nyuma, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, mpwa analia anataka kupanda. Mara ya tatu akakitikisa. "Kimetulia," alisema.

Nina kinyongo na hiyo programu. Imetengenezewa mimi, ambaye kituo cha zimamoto chenye fundi kiko dakika kumi kutoka nyumbani. Dada, asiye na wa kumuuliza kuanzia Bunju mpaka Posta, ndiye ingemfaa, na ndiye haikumfikiria. Ingetosha ianze na swali moja: mkanda wako ukiuvuta wote, unajifunga? Na iulize kwa Kiswahili, bila kula bando.

Wapo nyumbani wanaoniambia haya ni mambo ya wazungu. Mama wa daladala simwambii kitu. Hata mkanda wake mwenyewe hana, nimhubirie nini? Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na wanaharakati wamepiga kelele miaka mingi iwataje watoto. Ninaongea na wewe mwenye gari, unayeweka mafuta, unayemsimamisha mtoto katikati ya viti vya mbele ili aone barabara. Kliniki wanatuuliza chanjo, uji, chandarua. Nesi hamuulizi mtu mtoto anarudije nyumbani.

Dada sasa ndiye fundi wa mtaa. Juzi kanipigia tena: jirani yake kanunua kiti cha mtumba Kariakoo, kizuri, kitambaa hakijachakaa, amsaidie kukifunga. Nikamwambia kwanza akigeuze, asome tarehe iliyochapwa kwenye plastiki chini, maana viti hivi vina mwisho wake kama dawa. Nikasikia wanakipindua, wanafuta vumbi, wanabishana kama ile ni tisa au sita.

Ilikuwa tisa. Kimeisha muda 2019. Jirani ameshalipa, na muuzaji, kwa maelezo ya dada, amehama kona.