Nimelipa Kiingilio Kuingia Shambani

Jamani, mimi nimezaliwa Masasi, nikalelewa na jembe. Kila likizo ya shule, kabla jua halijachomoza niko kwenye mikorosho, umande umelowesha kaptura, mgongo unauma kama wa mzee. Nikaapa kwamba nikitoka hapa, shamba nitaliona kwenye picha tu. Nikatoka kweli. Nimehangaika weee, mpaka nimetua Houston, Texas, nikapata kazi ya ghalani, kazi ya kivulini, feni linanipuliza kisogoni. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anaamkaje saa tisa usiku, siku yake ya mapumziko, aende kulipa dola ili aingie shambani?

Na si shamba la jirani. Liko Louisiana, maili mia tatu, mwendo wa saa tano kama husimami. Sisi tulisimama.

Wazo lilikuwa la mama Neema. Mama yake yupo kwetu. Alikuja kutusalimia wiki tatu, sasa tunaumaliza mwezi wa tatu, na mimi sijasema kitu. Naomba hilo lieleweke: sijasema kitu. Mama Neema akaona haifai mama arudi Masasi hajaona chochote zaidi ya sebule yetu na maduka ya mitumba. Akasema tumpeleke akaone mashamba ya zamani, yale waliyolimishwa watumwa, kuna nyumba kubwa za mabwana, kuna miti, na kuna gaidi mzuri wa kutuelezea.

Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Akaacha.

"Kuna nani?"

"Gaidi, mama. Anawatembeza wageni."

"Na tunamlipa sisi?"

Siku hizi Kiswahili cha mke wangu kimeingia Kiingereza mpaka kinahatarisha usalama. Tulieleza nusu saa kwamba ni mtembezaji tu, ana kofia na spika ya mkononi. Akasema sawa, ameelewa. Lakini safari nzima mkoba wake aliupakata.

Tukaondoka na chapati, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai ya tangawizi. Hizo chupa mbili ndizo zilizoniponza. Ukishapita mji wa Lafayette unaingia daraja linaloruka bwawa la Atchafalaya, karibu kilomita 29, juu ya maji na miti iliyosimama majini. Daraja la Kigamboni halifiki hata kilomita moja na tulilipigia vigelegele. Hili unaendesha mpaka unasahau nchi kavu ikoje. Na ni hapo hapo, kwenye kilomita za mwanzo, mama mkwe akasema taratibu, "Baba Neema, hapa hakuna mahali pa kuchimba dawa?" Sikumjibu. Nilikanyaga mafuta nikawaza mambo mengine.

Tulianzia Whitney, kando ya mto Mississippi, ingawa mto wenyewe huuoni, umejificha nyuma ya tuta la kuzuia mafuriko. Unachokiona ni miwa. Miwa kushoto, miwa kulia, miwa mpaka kwenye mabomba ya viwanda vya kemikali. Joto la Tanga, unyevu wa Tanga, mbu wa kwao. Nikalipa. Naangalia risiti, naangalia miwa, nasema moyoni, marehemu baba angeniona leo angenichapa na hiyo risiti.

Shamba hili lilifunguliwa kama makumbusho mwaka 2014, na halikuhusu nguo za bibi na sahani za bwana. Linawahusu waliokuwa wanafanya kazi. Unapewa kadi ya kuvaa shingoni yenye picha ya sanamu ya mtoto na maneno aliyoyasema mwenyewe akiwa mzee, maana waliozaliwa utumwani na kuwahi uhuru wa 1865, wengine walihojiwa miaka ya 1930. Mimi kadi yangu sikuisoma. Nilikuwa natafuta kivuli.

Kivuli nikakiona: kanisa la mbao. Nikaingia mbio kutoka kwenye lile jua, macho hayaoni, naona tu watoto wamekaa na wengine wamesimama kwenye njia. Nikasema, "Hamjambo watoto." Kimya. Nikasema kwa Kiingereza, labda ndicho wanachokijua. Kimya. Nikamwambia mmoja aliyesimama mwisho wa benchi, samahani mwanangu, sogea kidogo baba akae. Hakusogea. Nikaanza, watoto wa siku hizi jamani, hamkufundishwa... halafu macho yakazoea giza.

Ni sanamu. Kanisa zima ni watoto wa udongo, ukubwa wa watoto wa kweli, hawana viatu, wanakuangalia. Yule niliyemgombeza ndiye yule yule wa kwenye kadi yangu. Nyuma yangu kuna mzungu mmoja na mkewe wameshuhudia yote. Nikakaa sakafuni.

Mdomo wangu haukukoma. Nje kuna masufuria ya chuma, mapana, mtu mzima anaweza kulala ndani akajikunja. Nikasema kwa sauti, hili hapa linatosha pilau la harusi ya kata nzima. Mtembezaji hakujua nimesema nini, akatabasamu, akaeleza. Juisi ya miwa ilichemshwa kwenye sufuria kubwa, ikihamishwa kwa kata ndefu kwenda dogo, na dogo zaidi, mpaka igeuke sukari. Msimu wa kukamua, moto hauzimwi usiku wala mchana, miwa ikichelewa inaharibika. Watu wanachota kitu kinachochemka, usingizi umewashika, na sukari moto ikikurukia haidondoki, inaganda na ngozi. Mama mkwe aliligusa lile sufuria kwa kidole kimoja, akakirudisha upesi, utadhani bado lina moto.

Sasa twende kwenye kuta. Kuna kuta za mawe meusi zimepangwa kama vichochoro, zimeandikwa majina 107,000 ya watu waliokuwa watumwa Louisiana. Yalikusanywa na mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall kutoka kwenye makaratasi ya mahakama na mauzo, maana mtu alikuwa akiuzwa kama ng'ombe, na ng'ombe huandikwa. Mtembezaji akataja makabila yaliyomo kwenye kumbukumbu za huyo mama Hall: Wamandinka, Wawolofu, Wakongo. Halafu akasema, "Makwa."

Mama mkwe ni Mmakua. Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji, ila hilo alilisikia.

"Amesema Makua?"

"Ndiyo mama."

"Makua wa wapi?"

Nikamuuliza mtembezaji. Akasema wa upande wa Msumbiji, walipakiwa melini wakazungushwa kusini mwa Afrika nzima mpaka Amerika. Nikatafsiri. Mama mkwe akanyamaza, akafungua mkoba, akatoa miwani.

"Sisi tulisimuliwa wa Kilwa," akasema. "Wa huku hatukusimuliwa."

Akaanza kusoma. Mimi nikajua tumekwisha, majina laki moja na saba elfu, mtu anasoma kwa kidole. Nikatandaza kanga yake juu ya kichwa chake, nikaishika kwa mikono miwili kama mwavuli, mabega yananiwaka. Marie. Pierre. Jean-Baptiste. Marie. Marie. François. Wengi jina moja tu.

"La ukoo liko wapi?"

"Hawakuandika, mama."

"Sasa mtu wangu nitamjuaje?"

Nilikuwa na jibu la jua kali, na njaa, na muda wa tiketi ya pili. Sikulitoa. Tulikaa pale mpaka mikono ikafa ganzi. Mama Neema alipokuja kutuita, alituangalia akarudi alikotoka.

Mchana tukaenda Oak Alley, njia hiyo hiyo ya kando ya mto. Hapa ndipo pale pa kwenye picha: mialoni 28 imejipanga safu mbili kutoka kwenye tuta mpaka mlangoni, ina umri kama miaka 300, matawi yamekutana juu, na nyumba yenye nguzo 28. Nyumba ilijengwa kati ya 1837 na 1839, na waliobeba matofali si wale waliohamia ndani. Kuna watu wanakodi majumba ya namna hii kufungia ndoa. Nilipomweleza mama mkwe akauliza kama makaburini kumejaa.

Kwenye chumba cha kulia kuna feni la ubao, pana kama mlango, linaning'inia juu ya meza, lina kamba inayokwenda mpaka pembeni. Huko pembeni ndiko aliposimama mtoto, anavuta kamba chakula chote, wakubwa wapate upepo na nzi wakae mbali. Wageni wakasema aaah, wakapiga picha. Mama mkwe akaniuliza, "Na yeye alipepewa na nani?" Akataka niulize. Nikamwambia mama, hilo tayari ni jibu. Akasema niulize hata hivyo. Nikauliza. Mtembezaji akasema, hakuna.

Habari iliyomfurahisha ni ya Antoine. Alikuwa mtumwa mtunza bustani hapo, na majira ya baridi ya 1846 alibebesha, yaani aliunga vikonyo vya mti bora kwenye miche mingine, miche 16 ya mpikani (pecan), mti wa kokwa za kutafuna kama korosho, hadi ikazaa zenye ganda jembamba unalovunja kwa vidole. Hakuna aliyekuwa amefanikiwa kabla yake. Mwaka 1876 mbegu hiyo ikapewa tuzo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Cheti hakuchukua Antoine. Mama mkwe ana ekari zake za mikorosho iliyobebeshwa, hilo analijua kuliko mimi ninavyoijua namba yangu ya simu.

"Basi huyu ndiye aliyekuwa bwana shamba," akasema. "Yule mwingine alikuwa na nyumba tu."

Mtembezaji akatupandisha vyumbani, na huko akatuletea balaa. Akasema kuna hadithi, ya kusimuliwa tu, kwamba zamani mgeni akifika alipewa nanasi kumkaribisha. Akizidisha siku, asubuhi moja anakuta nanasi la pili miguuni pa kitanda, anafungasha bila kuambiwa neno. Watu wakacheka. Mama Neema akamtafsiria mama yake. Mama mkwe hakucheka, akatikisa kichwa.

"Sisi mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. Akaangalia dirishani, kule vilikojengwa upya vibanda vya watumwa. "Wale walipewa siku ile ile."

Basi tukaanza kurudi. Njiani tukaingia dukani, mama Neema akanituma matunda. Nilikuwa nimechoka, macho mekundu, nikachukua kilichokuwa mbele. Tukafika Houston saa saba usiku. Mama mkwe akaenda moja kwa moja kuoga, mimi nikashusha mizigo gizani nisimwamshe Neema: chupa za chai kule, kanga na mifuko ya bibi chumbani kwake, miguuni pa kitanda, nikalala na viatu.

Asubuhi natoka, namkuta sebuleni. Amevaa kitenge cha safari, kilemba kimefungwa, sanduku limesimama pembeni yake. Nanasi amelipakata kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Neema." Akalipapasa kidogo. "Nimeliona. Ungenipa jembe tu baba, ningejua pa kuanzia."

Nyuma yangu nikasikia mlango wa jikoni ukifunguka. Juisi ya hilo nanasi sijainywa hadi leo.