Utitiri wa usoni: mkosaji au msingiziwa?

Mombasa, mtu akitokwa na vipele usoni visivyokoma, mashavu yakawa yanamwaka kila atokapo juani au aketipo karibu na jiko, jina la kwanza atakaloambiwa ni chunusi. Siku hizi limezuka jibu la pili, na hata baadhi ya wauza dawa wanalitaja: "Uso wako una wadudu, wauwe." Jibu hili lina ukweli, ila ni ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua mtu apake nini.

Wadudu wenyewe ni utitiri uitwao demodeksi. Wako wa aina mbili, mmoja akaaye kwenye tundu la kinyweleo na mwingine azamaye hadi kwenye tezi za mafuta, na hata yule mrefu hafiki nusu milimita. Wajerumani Jakob Henle na Gustav Simon waliwatambua mwaka 1841 na 1842. Mtoto huzaliwa hana, akawapata kwa kugusana na wanaomlea, na akishakuwa mtu mzima ni nadra kuwakosa. Basi kiumbe aliye kwenye uso wa kila mtu atakuwaje chanzo cha maradhi ya wachache?

Wanaomtia hatiani hutazama wingi. Daktari hutia tone la gundi kali kwenye kigae cha kioo, akakibandika shavuni kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akakibandua polepole. Kinachotoka ni utando mwembamba wa ngozi pamoja na vijiti vidogo vya mafuta kutoka kwenye vitundu, na chini ya hadubini utitiri huonekana wamejipanga humo, vichwa vikielekea ndani. Wakizidi watano kwa sentimita moja ya mraba, huhesabiwa kuwa wengi kupita kiasi. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2017 ulikuta wagonjwa wa rozasea, yaani maradhi sugu ya wekundu na vipele vya uso, wana utitiri wengi kuliko watu wasio nayo. Tena dawa inayowaua inasaidia. Katika jaribio la watu 962 lililotangazwa mwaka 2015, baada ya wiki 16 krimu ya ivermektini ilipunguza vipele kwa asilimia 83, na ile ya metronidazo, ambayo ni antibiotiki, kwa asilimia 73.7.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina tobo. Ivermektini haiui utitiri tu, hutuliza pia uvimbe wa ngozi, kwa hiyo kupona kwa mgonjwa hakuthibitishi nani alikuwa mkosaji. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, ikitolewa kwa kipimo kidogo nayo husaidia, na utitiri haiwaui. Isitoshe, mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba ngozi ya mwenye rozasea ina kupita kiasi protini za kinga zinazochochea uvimbe na kutanua mishipa. Ngozi ya namna hiyo huenda ikamkasirikia hata mgeni wa kawaida, na huenda pia uvimbe wenyewe ndio unaompa utitiri mahali pazuri pa kuzaana.

Kwa maoni yangu, utitiri ni mshiriki: huzaana pale ngozi inapoyumba, kisha akaongeza moto. Kinachonifanya niamini hivyo ni krimu za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe kama klobetasoli na betamethasoni, ambazo humu mjini zinauzwa kwa urahisi mno, nyingine zikiwa zimechanganywa ndani ya krimu za kujichubua. Dada akipaka, vipele vinalala siku chache na uso unang'aa. Huku chini kinga ya ngozi inadhoofika na utitiri wanaongezeka. Akiacha, uso unalipuka vibaya kuliko mwanzo, naye anarudi dukani kununua ileile. Hili linaniuma, kwa sababu dawa anayoiamini ndiyo inayomlea mdudu anayeambiwa amuue. Kumuua na kuendelea na steroidi ni kazi bure. Cha kwanza ni kuacha hiyo krimu, tena chini ya uangalizi wa daktari.

Kuna la kuongeza kuhusu ivermektini, maana huku Pwani hilo si jina geni. Kwale kulifanyika jaribio kubwa la kuwapa watu vidonge vyake ili kupunguza malaria, na matokeo ya mwaka 2025 yalionyesha maambukizi kwa watoto yamepungua kwa asilimia 26. Habari hiyo isimfanye mtu ameze vidonge kiholela kwa ajili ya uso. Ya mifugo ndiyo asiiguse kabisa.

Upande wetu kuna shida nyingine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo rozasea hudhaniwa chunusi miaka na miaka. Anayechomwachomwa usoni na kutokwa na vipele visivyo na vichwa vyeusi amweleze daktari hivyohivyo, amtajie kila krimu aliyopaka, na za kujichubua asione haya kuzitaja, kisha aulize kama kipimo cha kigae kinaweza kufanywa. Wakionekana wengi, watibiwe. Wakiwa wachache, ivermektini bado yaweza kufaa kwa kutuliza uvimbe, lakini huo utitiri uachwe kulaumiwa.